Mate ya Alfajiri

Phuu. Mlio mdogo tu, kama wa mtu anayepuliza majivu juu ya kaa. Hiyo ndiyo sauti aliyoibeba Sella kutoka kwao, upande wa Kimilili, na kila ilipomjia alimwona nyanya yake, kukhu, amesimama uani kabla mtu yeyote hajaamka, uso ameuelekeza jua linakotokea. Kukhu alitema mate mepesi, akamwambia Wele, Mungu wao, maneno machache: kuche vizuri, watoto wapate kula, mgonjwa aamke. Basi. Hakupiga magoti wala kufumba macho. Halafu akaenda kukamua ng'ombe.

"Lakini ukiwa umedanganya, nyamaza," alimwambia Sella alipokuwa mdogo. "Nenda kwanza ukanyooshe uongo wako, ndipo uje kusema naye."

Sella alifika Nairobi mwaka wa sitini na nane, ameolewa na Wesonga, mwashi wa kazi za mjengo. Wakapanga chumba Silanga, karibu na bwawa, mlango umetazamana na ukuta wa mabati wa jirani. Jua halikujua njia ya kuingia humo. Kwa hiyo kila alfajiri Sella alitelemka hadi kwenye vishamba vya sukuma wiki kandokando ya maji, mahali mbingu ilipokuwa wazi, akafanya kama kukhu. Alikuwa akiuza makaa, na mate yake yalitoka meusi. Mwanzoni aliona haya kuutema weusi ule mbele ya Mungu. Baadaye akajiambia, si anajua ninafanya kazi gani?

"Mama Lenah, jua limekukosea nini unalitemea mate kila siku?" Kavetsa alikuwa akimtania. Kavetsa, Mmaragoli mwenye sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya bwawa, aliuza makaa ubavuni mwake, na Jumapili alivaa kanzu nyeupe akaenda kanisa la ngoma kule Sarang'ombe.

"Ninalisalimia tu."

"Njoo kwetu basi ulisalimie na ngoma. Hiyo salamu yako hata kuku hasikii."

Sella alicheka, na hakwenda. Hakuwa na ugomvi na makanisa. Alikuwa tu na mtu wake wa kusema naye tangu utotoni, na hakuona kwa nini amtafute kwingine.

Kisha ikaja mvua ya mwaka wa sabini na nne, na Lenah, mtoto wao wa pekee, akaanza kukohoa. Walimpeleka hospitali. Akadungwa sindano, akapewa dawa ya maji tamu tamu, mama akaambiwa amweke mahali pakavu. Pakavu wapi, Silanga, mvua ikinyesha? Walirudi tena, wakapewa dawa ileile. Mtoto akaisha mwili, shingo ikawa nyembamba kama kikonyo cha jani. Kila alfajiri Sella alisema na Wele, na kila alfajiri alirudi akaikuta homa imemtangulia kitandani.

"Mama Lenah," Wesonga alimwambia, bila ukali, "hiyo yako ya bwawani tumeingoja vya kutosha. Jumapili tunaenda kwa kina Kavetsa."

Akakubali. Mama gani angekataa?

Kanisani walimlaza Lenah juu ya mkeka katikati. Ngoma zikalia, kanzu nyeupe zikazunguka, kisha kiongozi wao, mzee Nicanor, akainua mkono, kukawa kimya. Kwao mgonjwa haombewi mpaka watu wa nyumba yake waungame dhambi zao mbele ya wote. Wesonga aliungama pombe, wakamwitikia. Nicanor akamgeukia Sella. Hakuwa mtu mbaya, machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Dada, kuna kitu umekificha nyumbani kwako. Nimeonyeshwa."

"Kitu gani, baba?"

"Wewe ndiye unakijua."

Sella akajipekua. Akasema kwamba aliwahi kumtukana mteja. Akasema kwamba siku moja aliweka makaa mabichi chini ya debe, mazuri juu.

"Siyo hicho," Nicanor akasema kwa upole. "Endelea, dada. Mtoto anangoja."

Na kweli mtoto alikuwa akingoja. Alikohoa pale mkekani, kikohozi kikavu, na katika kimya kile kila mtu alikisikia. Sella alitafuta tena, akajikuta mikono mitupu. Hakuwa na kingine. Mpigangoma alikuwa ameweka kiganja juu ya ngozi, tayari.

"Niliiba," Sella akasema.

"Uliiba nini?"

Macho yake yakamwangukia Kavetsa. "Makaa. Debe la Kavetsa."

Ngoma zikalipuka. Watu wakaimba kwa furaha, wakamwekea Lenah mikono, wakaomba mpaka jasho likalowesha kanzu. Kavetsa peke yake hakuimba. Alisimama mdomo wazi.

Usiku ule Lenah alilala, na asubuhi akaomba uji. Wesonga aliruka kama kijana. Sella alitelemka bwawani kushukuru, akasimama, akamkumbuka kukhu, na kile mdomo wake ulichosema kanisani. Akarudi bila kutema.

Alikuwa ameambiwa arudishe kilichoibwa, akampelekea Kavetsa debe lililojaa. Kavetsa akalisukuma kwa mguu.

"Toa hiyo hapa. Mimi makaa yangu nayajua kama watoto wangu, na hakuna aliyepotea. Sella, uliniibia lini?"

"Sikukuibia."

"Sasa ulisema hivyo kwa nini?"

"Walikuwa hawaombi."

Kavetsa akakaa chini juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Usimwambie mtu. Ukisema ulidanganya mbele ya Roho, mtoto akizidiwa watasema wewe ndiwe uliyemuua."

Kwa hiyo Sella akanyamaza, kanisani na bwawani. Alikuwa hajawahi kukaa kimya kirefu namna ile. Na wiki haijaisha, homa ikarudi na nguvu mpya. Lenah hakuomba uji tena. Aliomba maji, akashindwa kuyameza.

Wesonga alisimama mlangoni, amempa mkewe mgongo. "Umebakisha kitu. Mzee Nicanor amesema. Kesho urudi, useme chote."

"Sina kitu, baba Lenah."

"Mwizi husema hivyo."

Kulipoanza kucha, Sella alimfunga Lenah mgongoni kwa shuka, mwepesi kuliko gunia tupu, akatelemka. Mvua ilikuwa imekatika. Wingu lilipasuka upande wa mashariki, maji ya bwawa yakashika rangi. Alijaribu kukusanya mate, yakakataa. Ulimi ulikuwa mkavu kama kaa. Kanisani walikuwa wakingoja dhambi nyingine, na angeweza kuwapa, angewapa hata kumi, ila hakujua tena ni ipi ingemponya mtoto. Alisikiliza mgongoni. Pumzi ilikuja, ikakaa, ikaja.

Akainua uso.

"Sikuiba," akasema, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Wewe unajua sikuiba. Mwache kwanza mtoto wangu."