Mama Polepole na Pipa la Zege

Kila asubuhi, kabla ya kupanda trekta, Shangazi hugonga kijiko chake kikubwa cha mbele kwa spana mara tatu na kusema hodi. Kisha husubiri, kichwa ameinamisha, kama mgeni mstaarabu mlangoni pa watu. Asipojibiwa, hulizunguka trekta lote, huchungulia nyuma ya kila gurudumu na hutazama mabomba ya mafuta kama kuna linalovuja.

Wageni pale kwenye bustani ya miche humcheka, mpaka wasimuliwe habari ya mwagiliaji maua. Siku moja bwana huyo alijilaza mchana kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, usingizi ukamchukua mzimamzima. Shangazi alipopiga hodi, sauti nzito ikamjibu kutoka uvunguni, "Karibu, pita ndani." Mwagiliaji siku hizi hulala stoo.

Trekta lenyewe ni dogo, jekundu lililochujuka. Mbele lina mikono miwili ya chuma iliyoshika kijiko kipana cha kuchotea udongo, mbolea na kokoto. Nyuma lilikuwa linaning'iniza pipa lililojazwa zege, zito kuliko wanaume wanne walioshiba. Kazi ya pipa hilo ilikuwa moja tu, kuwa zito. Kijiko kikijaa mbele, pipa linavuta nyuma, trekta linatulia juu ya magurudumu yake manne. Shangazi alimweleza mpwa wake kwamba pipa ni kama mume mvivu mwenye mwili mkubwa: humwoni akifanya lolote, ila akihama ndipo nyumba inaanza kuyumba.

Mpwa huyo, binti wa kaka yake, alikuwa amemaliza chuo kikuu mwaka uliotangulia na kupata kazi ya kuandika majina ya miche kwenye vibao. Alipenda vitabu kuliko maongezi, na kibanda chake kilikuwa na dirisha linalotazama rundo la kokoto. Kwa hiyo alimwona shangazi yake akifanya kazi siku nzima. Kijiko kilichojaa hakikupita urefu wa goti kikiwa safarini. Kilipanda pale tu penye roli. Mteremko aliushuka wima, hakuukata ubavuni hata siku moja. Na akitaka kushuka, hata kama ni kunywa maji tu, aliweka kijiko chini, akavuta breki, akazima injini na kutia ufunguo kifuani. Miaka kumi na moja ya mwendo huo ilimpa jina la Mama Polepole, na yeye aliliitikia bila kinyongo.

Ndipo mwenye bustani akamleta mkwe wake kuwa meneja. Meneja alipenda vitu viwili, haraka na urembo. Kwa ajili ya urembo alipaka chokaa kila jiwe lililokaa kimya. Kwa ajili ya haraka alimleta Kimbunga, dereva wa miaka thelathini hivi, mwenye miwani myeusi ambayo hakuivua hata stoo. Meneja akatangaza kwamba kiti ni kimoja na madereva ni wawili, haiwezekani. Jumatatu kila mmoja angepewa saa nzima ya kupakia kokoto kwenye roli. Atakayepakia nyingi atabaki na ufunguo, mwenzake aende nyumbani.

Shangazi alikuwa na miaka hamsini na saba. Alijua, na mpwa wake alijua, kwamba akitoka pale hakuna atakayempa mwanamke wa umri huo trekta lingine.

Jumatatu ikafika. Shangazi akapiga hodi, akasubiri, akaanza kuzunguka. Alipofika nyuma akasimama. Pipa halikuwepo.

Halikuhitaji kutafutwa. Lilikuwa limesimama getini, limepakwa rangi nyeupe, chungu cha maua kichwani, na tumboni limeandikwa KARIBU kwa herufi nyekundu. Kumbe Jumamosi, Shangazi akiwa mapumzikoni na ufunguo uko ofisini, Meneja alimwagiza Kimbunga alipeleke pale na kulishusha.

"Meneja, naomba pipa langu," Shangazi alisema.

"Mama, lile sasa ni pambo. Wateja wawili wameshapiga nalo picha."

Shangazi akamweleza pipa lina kazi gani. Alieleza taratibu, kama anavyofanya kila kitu, na Meneja akatazama saa mara mbili kabla hajamaliza. Kimbunga aliyekuwa ameegemea roli akachangia kwamba trekta huchota kwa kijiko, siyo kwa makalio. Wapakiaji wakacheka. Mpwa akainuka kitini, akafika hadi mlangoni pa kibanda, maneno yote yamepangika vizuri kichwani. Hakuna hata moja lililotoka. Akabaki pale, ameshika kibao cha mlimao.

"Bila pipa sipandi," Shangazi alisema.

Meneja akaandika kwenye karatasi yake kwamba dereva wa kwanza amekataa kazi, akaisoma kwa sauti ili kila mtu asikie, akauchukua ufunguo kwa Shangazi akampa Kimbunga.

"Haya, panda mwanangu," Shangazi akamwambia Kimbunga. "Ila uchote nusu kijiko, usikibebe juu ya goti. Na mkanda ufunge."

Kimbunga akaukalia mkanda.

Lazima isemwe kwamba alianza vizuri. Kijiko cha kwanza na cha pili vilikuwa nusu, na trekta likaenda likarudi kama mtoto anayetumwa dukani. Wapakiaji wakaanza kumshangilia. Sifa zikamwingia. Cha tatu alikijaza hadi kikafanya kichuguu, na kokoto zilikuwa zimelowa mvua ya jana, kila moja imebeba maji yake. Akakiinua juu palepale kwenye rundo, juu kabisa, kijiko kikapita kichwa chake, akarudi nyuma, akageuka, akaushuka mteremko mdogo wa kuelekea kwenye roli. Alipolikaribia akakanyaga breki.

Magurudumu ya nyuma yakaachana na ardhi. Kwanza shubiri moja, halafu dhiraa nzima. Trekta likainama mbele kama mtu anayetafuta pete iliyodondoka, kokoto zikaanza kumwagika kwa mafungu, na Kimbunga akanyanyuka kitini, mguu mmoja tayari uko nje. Shangwe zilikatika. Shangazi alikuwa amesimama pembeni, hatua kumi hivi, midomo imefumbwa.

Kisha akasema, bila kupiga kelele, "Usiruke. Kaa. Ukiruka litakuangukia."

Kimbunga akakaa.

"Usukani uache hivyohivyo. Sasa shusha kijiko. Kidogo. Kidogo tena. Usikibwage."

Kijiko kikashuka inchi kwa inchi, na kadiri kilivyoshuka ndivyo nyuma ilivyorudi, mpaka magurudumu yakagusa chini kwa kishindo cha mtu mzima anayejitupa kwenye kochi. Miwani myeusi ikaruka na kuzama kwenye kokoto. Ikajulikana kwamba Kimbunga ana macho makubwa kuliko watu walivyodhani, ingawa huenda ni ya siku ile tu.

Meneja aliikunja karatasi yake mara nne akaitia mfukoni. Akauliza, akitazama viatu vyake, pipa hurudishwaje. Likarudishwa kabla ya chai. Chungu cha maua kiliondolewa lakini rangi iligoma kutoka, kwa hiyo hadi leo trekta linazunguka bustanini likikaribisha watu kwa upande wa nyuma, na madereva wa maroli huliitikia, "Tumekaribia." Ufunguo ulirudi kifuani kwa Shangazi. Kimbunga aliomba abaki afundishwe, naye akakubaliwa kwa sharti kwamba wiki ya kwanza atajifunza kushuka tu.

Saa ya chai, Shangazi na mpwa wake walikaa nyuma ya stoo juu ya magunia ya mbolea. Shangazi alikunywa yake kwa mafunda madogo. Mwishowe binti akauliza swali lililokuwa likimsumbua tangu pale mlangoni.

"Shangazi, ungekaa kimya kidogo tu, trekta lingepinduka na kiti kingekuwa chako bila ubishi. Hukuwaza hivyo?"

Shangazi akatazama ndani ya kikombe.

"Niliwaza," alisema. "Nilihesabu mpaka tatu ndipo nikasema usiruke."