Nani Alikuwa Anamshikia Simu?

Admin, naomba usiweke jina langu wala la saluni, maana wateja wangu wote wamo humu kwenye ukurasa.

Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, Mkongomani, nasuka nywele Umbilo hapa Durban. Nina mchumba, na familia yake ilishatoa mahari kwa wazazi wangu. Kisha yeye akapata nafasi ya kusoma Italia, kwenye mji mdogo wa zamani ambao karibu kila unayekutana naye ni mwanafunzi. Tukakubaliana amalize masomo, arudi tufunge ndoa.

Ule mji niliujua kabla sijaufikia. Kila Jumapili baada ya misa alinitumia video akinitembeza: leo minara ya matofali, wiki nyingine daraja lenye paa, au nyua za chuo zenye nguzo pande zote. Anatembea, anaeleza, anageuka, anatabasamu, ananipungia mkono. Nilikuwa naziweka kwenye TV ya saluni ili wateja wazione, na nilijisikia sana, sikatai. Siku moja mteja wangu wa Cato Manor, nimwite Mama Furaha, kichwa kimesukwa nusu, akauliza: "Sasa ye anatembea vile, simu nani anamushikia?" Nikamjibu ni wapita njia, wazungu wanapenda kusaidia. Saluni nzima ikacheka, na mimi nikacheka kuwazidi.

Mwaka huu akamaliza. Nilihangaikia karatasi za kusafiria mpaka nikazipata, nikaenda kumwona akivishwa taji la majani, maana kule anayehitimu huvishwa hivyo na rafiki zake wanamwimbia barabarani. Nililia kwa furaha. Kesho yake akanitembeza kweli. Ndugu zangu, ule mji ni mzuri kuliko kwenye simu. Njia zake ni za mawe ya mviringo, viatu vyangu vya kisigino viliniaibisha, ikabidi nimshike mkono kila mahali. Tulikula aiskrimu kwenye uwanja wa katikati ya mji. Tukaingia kanisa la kale, nikawasha mshumaa kwa ajili ya ndoa yetu.

Tulipofika kwenye daraja lenye paa nikamwambia asimame palepale pa kwenye video, nimpige picha ya kuwaonyesha wateja. Nikapiga. Akaiangalia, akacheka kwamba nimemkata kichwa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Rudia nyuma kidogo. Giulia anasimamaka pale kwa nguzo, ndiyo daraja inaingia yote."

Kisha akatazama chini. Sikuuliza Giulia ni nani. Nilikumbuka lile tabasamu la kwenye video, ambalo miaka yote nililala nalo nikijua ni langu. Kumbe alikuwa anamtazama aliyeshika simu.

Chumbani akakiri kila kitu. Walikuwa pamoja karibu muda wote wa masomo, wakaachana kabla sijafika. Anasema upweke ulimzidi, na kwamba imekwisha, ameapa kwa jina la mama yake. Nikamuuliza kama yule binti alijua kuhusu mimi. Akasema alijua tangu mwanzo, na yeye ndiye aliyekuwa akimkumbusha anipungie mkono. Hilo limeniumiza kuliko yote. Mpaka leo nikilikumbuka naacha kichwa cha mteja, nakwenda chooni kulia.

Sasa nimerudi, na yeye anafika mwezi ujao. Kina mama wa kanisa wameshashona sare ya kitenge kwa ajili ya harusi, na Mama Furaha ndiye aliyewachagulia rangi. Sijamwambia mtu. Nampenda bado, nasema bila kuficha, na ninapompenda ndipo ninapojichukia.

Juzi wateja waliniomba niwaonyeshe picha za safari. Nikafungua simu. Zangu mimi nimemkata kichwa karibu zote. Zile nzuri alizonitumia zamani, ambazo anacheka mpaka macho, alipiga yule binti. Nikawaonyesha zile nzuri. Mama Furaha akaziangalia, akaniangalia mimi, safari hii hakuuliza kitu.

Wapendwa, nikampokee airport na kitenge changu, au nimwambie mapema kwamba hakuna wa kumpokea? Kila atakaponitabasamia, nitajuaje kama ananiona mimi? Niambieni ukweli hata kama utaniuma, kwa sababu mimi peke yangu nimeshindwa.