Mume Wangu na Kasi ya Teddy Lukoba

Mume wangu, Callistus Emojong, alikuwa fundi wa baiskeli hapa Malaba, na kwa miaka mitatu nyumba yangu ilikuwa na wanaume wawili: yeye, na Teddy Lukoba. Lukoba hakuwahi kukanyaga Malaba. Alikuwa Nairobi huko na nywele zake kubwa, akipiga roki kwa gitaa la umeme, na gazeti lilipochapisha picha yake Callistus aliikata akaibandika ukutani juu ya kitanda, pale pale nilipokuwa nimetundika rozari yangu. Rozari ikahamia kwenye msumari wa mlangoni. Nilinuna wiki nzima, naye hakugundua.

Msidhani nilikuwa nimeolewa na mvivu. Baiskeli zote za boda, zile za kuvusha watu na katoni za sabuni mpakani, zilipita mikononi mwake. Gurudumu likipinda, hakulipima kwa macho. Aliligeuza juu chini, akagonga spoku moja moja kwa ukucha na kuzisikiliza, na ile iliyolia vibaya ndiyo aliyoikaza. Watu walitoka Adungosi wakisukuma baiskeli kwa mguu ili masikio ya Callistus yazitengeneze. Nawaambia hayo mapema, maana aibu iliyokuja baadaye iliyapata masikio hayo hayo.

Mwaka wa sabini na tatu, gramafoni ya betri ya Mama Gaudencia ilianza kuvuta miguu. Mama Gaudencia ndiye aliyeuza pombe yetu ya wimbi, ile tunayokunywa kwa mirija mirefu tukiwa tumezunguka chungu kimoja, na santuri zake ndizo zilizotuleta kwake Jumapili baada ya misa. Sasa kila mwimbaji akawa anaimba kama mgonjwa. Callistus aliifungua, akaona kile kigurudumu kidogo cha mota kinateleza, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli na kukivika juu yake. Gramafoni ikakimbia. Mama Gaudencia akapiga vigelegele, na Callistus hakulipa pombe mwezi mzima.

Mwezi uliofuata dereva mmoja wa lori akatuletea santuri ya Lukoba.

Jamani! Katikati ya wimbo wa upande wa pili palikuwa na sehemu ambapo kila kitu kilinyamaza na gitaa likabaki peke yake, nalo likamwagika kama mtama kwenye bati. Vijana walishika vichwa. Callistus aliweka mrija chini akasema, polepole, kwamba mtu huyo ana vidole ishirini. Siku hiyo hiyo alianza kutafuta gitaa, na kabla ya Pasaka alikuwa nalo, limepasuka ubavuni na kuzibwa kwa gundi ya pancha.

Alifanyia mazoezi nyuma ya choo chetu, jioni, mimi nikipika. Ili lilie sawa na santuri ilimbidi akaze nyuzi mpaka zikatike, na zilikatika kila wiki, ndipo akaanza kufunga nyuzi alizozichomoa kwenye waya wa breki. Vidole vikatoka damu, kisha vikaota sugu. Na kupiga mbele ya watu alikataa kabisa. Alikataa kwenye ubatizo wa Adeke, binti yetu. Alikataa harusi ya kaka yake kule Angurai, mimi nikiwa nimeshawatangazia mawifi wote kwamba mume wangu atapiga. Niliona aibu mpaka nikala ugali nikiwa nimewapa mgongo.

"Nikifikia ile kasi ya Lukoba, nitapiga," aliniambia. "Sasa bado. Watu watanicheka."

Nilitaka kitu kimoja tu katika dunia hii: kumwona mume wangu akipiga lile gitaa mbele ya watu, nami nikiwa nimekaa mahali pa kuonekana.

Sasa, Busia palikuwa na kijana anaitwa Wandera, karani wa wakala wa forodha, mwenye suruali pana chini na viatu vya soli nene vilivyomfanya atembee kama anavuka matope. Yeye naye alikuwa na santuri ya Lukoba. Alikuja Malaba na makaratasi ya lori, akaketi kwenye chungu chetu, akasikia vijana wakimsifu Lukoba, akacheka.

"Huyo? Huyo ni mtu wa kawaida tu, boss. Anapiga polepole kama mtu anachuna kuku. Sifa ya bure. Nywele ndio inamsaidia."

"Polepole?" Callistus akasema. "Wewe unasema Teddy Lukoba ni polepole?"

"Na sauti yake nzito. Mimi iko na santuri yake kwa nyumba."

"Sauti yake ni nyembamba kama ya malaika!"

"Basi ya kwenu ni Lukoba mwingine, fundi."

Hapo Callistus, mtu mpole ambaye hata mbwa hakuwahi kumfokea, akapuliza kwenye mrija wake. Pombe ikachemka mapovu usoni mwa Wandera. Kwetu Wateso hayo ni matusi makubwa. Chungu ni cha wote, na hakuna anayepuliza pumzi yake humo. Mama Gaudencia akapiga kelele. Wandera akasimama juu ya soli zake. Kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja, nusu wakiwa upande wa sifa za Lukoba, nusu wakiwa upande wa kelele yenyewe, na mimi nikasikia mume wangu akitamka maneno haya:

"Leta hiyo santuri yako na gramafoni yako, Jumapili. Ikionekana Lukoba hana hiyo kasi, chukua gitaa yangu."

Miaka mitatu ya nyuzi za breki, na anaiweka rehani kwa vidole vya mtu asiyejua hata Malaba iko wapi! Wiki ile sikumpikia nyama.

Jumapili Wandera alishuka kutoka kwenye lori na wenzake wa Busia, gramafoni yake imefungwa blanketi kama mtoto mchanga. Nusu ya Malaba ilikuwa kwa Mama Gaudencia, na kelele ilikuwa kubwa kuliko siku ya soko. Meza mbili, gramafoni mbili, santuri mbili zenye picha ile ile. Yetu ikapigwa kwanza. Ile sehemu ilipofika vijana wetu waliruka, na wengine wakawaonyesha wageni wa Busia vidole vyote kumi wakivitikisa. Kisha Wandera akaweka sindano yake.

Lukoba wa Busia alikuwa mtu mzima. Sauti ilimtoka kifuani. Gitaa lilipobaki peke yake halikumwagika, lilitembea.

Tulitazamana. Kisha pakalipuka. Watu wa Malaba walisema betri ya Busia imekufa. Watu wa Busia walisema gramafoni ya Malaba imelewa pombe. Mtu mmoja alipendekeza zipigwe zote mbili pamoja, na zikapigwa, na sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile tangu nizaliwe. Tulicheka mpaka Mama Gaudencia akakaa chini kwenye vumbi na gauni lake la kanisani.

Ndipo Mwalimu Paulinus akainuka. Mwalimu Paulinus alifundisha kwaya ya parokia, na kwaya yake iliwahi kwenda Nairobi kurekodi santuri, yeye akiimba peke yake ubeti wa kwanza. Santuri hiyo ilipopigwa kwenye gramafoni ya Mama Gaudencia, sauti yake ilitoka kama ya mwana mbuzi. Malaba nzima ilimcheka. Wanafunzi walimfuata barabarani wakilia mee. Yeye aliapa kwamba hiyo si sauti yake, na Callistus, kwa kiburi cha ufundi, alimjibu mbele ya watu kwamba mashine haidanganyi.

"Santuri yangu iko wapi?" Mwalimu akauliza. "Mama Gaudencia, lete."

Ikaletwa. Ikawekwa kwenye gramafoni ya Busia. Mwalimu akasimama kando, mikono nyuma, akafungua kinywa na kuimba ubeti ule ule pamoja na santuri. Sauti mbili nzito zikaenda bega kwa bega, neno kwa neno, wala moja haikuitangulia nyingine. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile inayotikisa madirisha ya kanisa.

"Mmesikia?" akanguruma, machozi yakimtoka huku akicheka. "Miaka mitatu! Miaka mitatu mnaniita mbuzi! Nataka kila mtu hapa aniombe msamaha, mmoja mmoja, na watoto wenu nao!"

Hakuna aliyemwomba chochote maana wote walikuwa wamegeuka kumtazama Callistus. Naye alikuwa ameshaelewa. Nilimwona usoni. Alichukua bisibisi mfukoni, akageuza gramafoni ya Mama Gaudencia, akaifungua, akachomoa kile kipande cha tyubu kilichonenepesha kigurudumu cha mota, akakiinua juu ili wote wakione. Angeweza kunyamaza. Nilimpenda sana wakati ule, ingawa nilitaka kumpiga.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndio nilifanya. Wandera, umeshinda. Gitaa iko nyumbani, nitakuletea."

Akaangalia vidole vyake. "Miaka mitatu nakimbiza mtu, kumbe hayuko."

Hapo hasira yangu ikafika kikomo. Nilisimama juu ya benchi, na sikuwa nimekunywa, mnisikie vizuri.

"Anaipiga!" nikapaza sauti. "Huyu mume wangu anaipiga! Ile ya haraka, ile ya tyubu! Anaipiga nyuma ya choo kila siku, mimi nasikia!"

Callistus alinitazama kana kwamba nimemvua nguo.

"Mama anasema nini?" Wandera akauliza. "Nani anapiga ile ya haraka? Ile hakuna mtu anaweza, mama. Ile ni makosa ya mashine."

"Mimi nitaileta hiyo gitaa," nikasema, nikakimbia. Nilikimbia na kanga mkononi, nikarudi nalo nikihema, nikamwekea mapajani. Nikamwambia siondoki mbele yake. Watu walikuwa wamebana mpaka mlango hauonekani. Hakuwa na pa kukimbilia, na nadhani hiyo ndiyo iliyomponya.

Akapiga.

Sijui niwaambieje. Ile sehemu ilitoka kwenye vidole vyake nzima, kwa kasi ile ile, nyuzi za breki zikilia juu kabisa, na hakukuwa na mashine yoyote mezani inayozunguka. Wandera alikuwa ameinama akitazama ule mkono wa kushoto kwa karibu mpaka pua yake ikawa inagusa gitaa. Callistus alipomaliza, paa la Mama Gaudencia likataka kuondoka kwa kelele. Wakamwinua. Mwalimu Paulinus akasahau msamaha wake akashika miguu ya mume wangu wakambeba kuzunguka chungu, na mtu mmoja kutoka ng'ambo ya mpaka alikuwa akilia kwa mshangao, "Banange! Banange!" huku akimpiga mgongo mtu asiyemjua.

"Sasa hata mnaona," Wandera akasema, "huyo Lukoba si kitu!"

"Hapana!" Callistus akajibu akiwa angali mabegani mwa watu. "Usiseme hivyo. Yeye ndiye aliitunga. Na mimi leo nimesikia kuna mahali anangoja kidogo, kisha anaendelea. Sikuwahi kujua anangoja. Hiyo ni tamu sana, Wandera. Ile sifa ni haki yake."

Wandera alikuwa mshindi, na dau ni dau. Alivaa gitaa begani, akaaga, akapanda kwenye lori. Lori likaenda hatua kama hamsini, likasimama. Akashuka.

"Fundi," akasema, "hii kitu mimi nitafanyia nini? Jumamosi dada yangu anaolewa Busia. Gitaa inakuja kwa harusi, na wewe unakuja nayo. Na mama huyu anakaa mbele."

Tulirudi nyumbani jua likiwa bado lipo, Adeke mgongoni mwangu, Callistus akitembea katikati ya barabara kama aliyeinunua.

"Apolot," akaniambia, "ulikuwa unanisikia siku zote?"

"Nimepika ugali wa miaka mitatu nikikusikia."

"Sasa kwa nini hukuniambia kama napiga vizuri?"

"Hukuniuliza," nikasema. "Uliuliza gramafoni."

Akasimama. Akafikiri. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, na uso wake ulikuwa na woga kuliko mbele ya Malaba nzima. Nikamwambia ukweli: kwamba hakuna mtu duniani ninayependa kumsikiliza kuliko yeye, na kwamba leo alikosea mahali pawili. Alicheka mpaka ikabidi aketi kando ya barabara, nami nikaketi naye, na mtoto.