Bi Nawa na Simu ya Jumanne

Saa nne asubuhi, mlango wa chumba cha chai unafunguliwa na vicheko vinakatika. Mhudumu mmoja anaficha mikono chini ya meza. "Bi Nawa huyo," ananong'ona mwenzake.

Bi Nawa, muuguzi wa miaka arobaini na sita, anachukua kikombe chake na kwenda kunywa nje, peke yake. Kazi yake ni kuzuia maambukizi katika kituo hiki cha afya cha kijijini. Anakagua kucha, pete na ndoo za taka za watu wazima wenzake. Nani atampenda?

"Kuchekwa nimezoea," anasema. "Kilichokuwa kinanimaliza ni kukosa mtu wa kumuuliza."

Miaka miwili iliyopita kituo kililetewa unga mpya wa klorini. Kopo lilelile, rangi ileile, ila nguvu yake ilikuwa nusu ya ule wa zamani, na hilo liliandikwa nyuma kwa herufi za kutafuta kwa miwani. Yeye akaendelea kupima kwa kijiko chake cha siku zote.

Kwa wiki sita vitanda vya wazazi vilipanguswa kwa dawa isiyo na makali. Akina mama watano waliojifungua kwa upasuaji vidonda vyao vikatunga usaha. Mmoja alilazwa siku ishirini na moja, kichanga chake kikilelewa na shangazi.

"Yule mama mpaka leo namuota," anasema, na machozi yanamlengalenga.

Baada ya kuligundua kosa lake, siku moja kwenye bohari ya dawa alimsimulia muuguzi wa ng'ambo ya mlima.

"Mbona sisi kosa hilo tuliligundua mwezi mmoja kabla yenu!" yule akashangaa.

"Sasa dada, si ungenipigia?"

"Ningempigia nani? Sikujua kama upo."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Akaanza kusaka wenzake, kituo kwa kituo, akiandika namba zao kwenye boksi tupu la glavu. Wakafika kumi na mmoja. Kila Jumanne saa kumi jioni walipigiana simu kwa sharti moja: kila mtu anaanza na alichokosea wiki hiyo, na kosa halitoki hapo.

Likatoka. Mmoja wao aliitwa na bosi wake akasomewa kosa lake mbele ya wafanyakazi wote, na wengi wakaingia mitini. Wamebaki wanne. Jumanne mbili zilizopita hata hao hawakupatikana.

Leo pia ni Jumanne. Amesimama nyuma ya tanuri la kuchomea taka, mahali pekee mtandao unaposhika, moshi ukimwingia machoni. Anapiga namba zote nne. Kimya. Saa kumi na nusu anarudisha simu mfukoni, na hapo inaita. Namba ngeni.

"Shikamoo sista. Nipo zahanati ya huku bondeni, nipo peke yangu. Namba yako nimepewa na yule aliyesomewa kosa lake mbele ya watu. Kuna kitu nimekosea, sijui nimuulize nani."

Bi Nawa anakaa juu ya tofali.

"Marahaba, mdogo wangu. Ngoja nianze mimi," anasema. "Kulikuwa na kopo la klorini…"

Wanaongea dakika arobaini. Akimaliza, anaandika namba ya kumi na mbili kwenye boksi lake. Anataka siku moja vituo vyote ishirini na tatu vya eneo hili viwemo humo.

"Jumanne ijayo nampigia mimi mapema," anasema. "Asije akakaa akidhani sipo."