Paji la Uso la Baba Mkwe

Mwaka ule wa barakoa nilikuwa nashika funguo za gesti moja pale Bariadi, na upande wa mume wangu hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema, "Tukiulizwa, tutasema uko ofisini." Nikakubali haraka. Kwani gesti si ina ofisi? Ina kaunta, ina kalenda, ina kalamu iliyofungwa kwa kamba isiibwe. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Jamani, msinione mjinga. Nilikuwa nimemsikia wifi yangu mkubwa kwa masikio yangu, tukimenya viazi kwao kule Sola, wilayani Maswa, akimsema binti wa jirani aliyepata kazi kama yangu: "Anayeshika funguo za gesti anashika na mengine." Wanawake wote jikoni wakacheka. Na mimi nikacheka, kiazi mkononi, uso ukiniwaka. Kazi yenyewe ilikuwa kufua mashuka, kudeki, na kumwambia mgeni kwamba maji ya moto yanaletwa kwa ndoo. Lakini nani angesikiliza hayo?

Krismasi ilipokaribia, mji ukajaa. Watu wa Dar na Mwanza walirudi kula sikukuu kwao, na wengi wao, wakishazoea choo cha ndani, kijijini hawalali. Mchana wanawasalimia wazee, jioni wanarudi mjini kutafuta chumba. Ndipo bosi wangu, mama mmoja mjane, akatunga sheria yake. Haikutoka serikalini. Ilitoka kwenye uchungu, maana ugonjwa ule ulikuwa umemchukua kaka yake. Alinunua kile kipima joto cha kumwelekezea mtu usoni kama bastola, akanikabidhi. Mgeni atanawa, atavaa barakoa, atapimwa paji la uso. Joto likizidi thelathini na saba na nusu, chumba hakuna. "Hata awe askofu," alisema, akaweka kiti chake cha plastiki barazani aone kama natii.

Nilitii, tena kwa raha. Watu wa Dar wana maneno mengi, lakini mbele ya mkono wangu walinyamaza kimya wakisubiri kile kidude kilie. Nilijisikia, nikasahau kabisa kwamba nilikuwa najificha.

Sikukuu hiyo mtoto wetu wa kwanza alikuwa abatizwe. Baba mkwe akatuma salamu kutoka Sola kwamba angefika siku moja kabla, ila tusihangaike na malazi, mjini ana mwenyeji wake. Sisi tulikuwa tumepanga chumba na sebule, katikati pazia tu, na kwetu Wasukuma mzee hawezi kulala mahali anaposikia mke wa mwanawe akijigeuza kitandani. Hilo hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake. Kila alipokuja alikula, akambeba mjukuu, jua likielekea kuzama akaaga kwenda kwa mwenyeji wake. Mwenyeji huyo hatukuwahi kumwona. Tulishukuru tu kwamba yupo.

Siku ile mume wangu alikuwa safarini, amepeleka lori la mchele Mwanza, angerudi asubuhi ya ubatizo. Mtoto nilimwacha kwa jirani. Jua lilikuwa lile la kuita mvua, na mbele ya kaunta walisimama wageni wa Dar, mama na watoto wake, wakilalamika kuhusu feni. Nilipomaliza nao sikuinua hata macho. Nikasema tu, "Anayefuata!"

"Mwadila," sauti ikanisalimu kwa Kisukuma.

Magoti yangu yaliijua sauti ile kabla yangu. Nilijikuta niko chini, nje ya kaunta, nimepiga magoti kwenye sakafu niliyoideki mwenyewe, na kipima joto mkononi. Hee! Mkwe gani huyo anayesalimia na bastola?

"Mwadila, baba."

Alisimama na jogoo kwapani, kofia kichwani. Aliiona aproni yangu, jina la gesti limeandikwa kifuani, akageuza macho akatazama ukutani, kama mtu mzima anavyofanya akikuta jambo lisilomhusu. Ofisi yangu ndiyo hiyo, ameiona. Halafu na mimi likaniingia: mwenyeji wake ndiyo hii. Si rafiki, si ndugu, ni gesti. Miaka yote ile mzee alikuwa akilipia chumba ili asituambie kwamba kwetu hakumtoshi. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile yetu ilikuwa fupi kiasi kwamba tuligongana humo waongo wawili.

"Mbona humpimi?" bosi akaita kutoka barazani.

Nitampimaje? Tangu niolewe sikuwahi kumtazama baba yule juu ya mabega. Nikiwa chini, mkono haumfikii. Nikisimama, nitakuwa nimemsimamia baba wa mume wangu, nimemnyooshea kitu usoni mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye ndiye aliyeninusuru. Alimweka jogoo chini, akavua kofia, akachuchumaa mbele yangu taratibu, akishika ukingo wa kaunta. Akafumba macho.

"Pima, mayu," akasema. Mayu ni mama, na kwetu hata binti huitwa hivyo akiheshimiwa. "Watu wanangoja."

Nilipima. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wake kwa karibu: nyusi zimekuwa nyeupe, kovu dogo juu ya jicho, jasho jembamba. Kidude kikalia, kioo kikawa chekundu. Thelathini na nane na zaidi.

"Mungu wangu, mzee anayo!" yule mama wa Dar akapiga kelele, akawakokota watoto wake hadi getini.

Bosi alikuwa ameshasimama. "Chumba hakuna."

"Mama, huyu ni baba mkwe wangu."

"Naona. Ungempigia nani mwingine magoti? Chumba hakuna."

Mzee akainuka, kwa shida, akamwokota jogoo wake. Alisema kwa sauti ya chini, macho bado ukutani, kwamba angetafuta gari arudi Sola, na habari za ubatizo tungempa. Kisha akaongeza, "Usimwambie mwanangu kwamba umenikuta hapa. Na mimi sijakuona."

Nitasema ilivyokuwa. Kwa pumzi moja nilitaka kuipokea zawadi ile. Angepanda gari na homa yake, mjukuu angebatizwa bila yeye, na mimi ningebaki mke wa ofisini. Nilimtazama akitembea kuelekea getini, wale watoto wa Dar wakimkwepa, na jogoo akipiga kelele kama amechukuliwa yeye kipimo. Wee, hapana. Nikamwambia bosi natoka. Sikukumbuka hata kuvua aproni.

Tulikatiza mjini hivyo hivyo, yeye mbele, mimi nyuma kwa adabu, jina la gesti kifuani mwangu wote walisome. Zahanati wakamtoboa kidole. Malaria. Ile malaria yetu ya siku zote! Muuguzi akashusha pumzi, na mimi nikashusha. Nilirudi mbio kumwambia bosi, naye akanijibu kwamba kipimo chake hakijui malaria, kinajua joto.

Basi mzee alilala sebuleni kwetu, kwenye mkeka, dawa na jagi la maji pembeni. Mimi nilihamia kwa jirani na mtoto. Kila nilipompelekea uji nilikohoa mlangoni, na yeye akakohoa ndani kuniruhusu. Tuliongea kwa kukohoa tu, katika mwaka ambao kikohozi kilimkimbiza kila mtu. Asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mume wangu akafika, akamkuta baba yake ameketi mkekani anavaa viatu vya kanisani, akaiona aproni yangu imening'inia msumarini.

Baada ya ubatizo tulikula uani kwa jirani. Jogoo alikuwa sufuriani, na wifi yangu mkubwa ndiye aliyeshika upawa.

"Baba," akasema kwa uchangamfu, "huyo mwenyeji wako wa mjini hajambo? Si ungemleta leo tumwone?"

Mzee alimaliza kutafuna.

"Sina mwenyeji. Sijawahi kuwa naye. Nikija huku nalala gesti."

Wifi akabaki na upawa hewani. Mume wangu akatazama sahani yake.

"Na jana gesti wamenikataa kwa ajili ya homa," mzee akaendelea. "Aliyenipima ni huyu mke wa mwanangu. Anafanya kazi pale."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika beseni la kunawia na birika, sina pa kuviweka. Uso ukaniwaka kama siku ile ya viazi.

"Gesti za mji huu nimelala nyingi," akasema. "Hakuna hata moja walikowahi kunipigia magoti." Akamsogezea binti yake bakuli. "Ongeza mchuzi."

Wifi akaongeza. Mimi nikapiga magoti mbele ya mzee nimnawishe mikono, na maji yakamwagika mengi zaidi ya yaliyohitajika, maana nilikuwa sioni vizuri. Kazi ya gesti haikunitia aibu tena. Nilichoona aibu, na hadi leo naona, ni kwamba mzee yule ilimbidi ajiumbue mbele ya watoto wake ili anisitiri mimi.