Maonyo Niliyoyaruka

Mwaka ambao mama yangu alifariki, kazi yangu ilikuwa kumsomea mzee mmoja Mskoti vitabu vya kuteleza kwenye theluji. Havikuwa vya hadithi, vilikuwa vya mwongozo: ukifika kilele fulani tafuta mwamba mweusi, shuka kushoto kwake, korongo lina upana wa watu wawili waliolala, usianguke. Nilikuwa mlezi wa wazee, na karatasi ya kazi ilitaja kumwogesha, kumpa dawa, kumpikia na kumtembeza. Kusoma tuliongeza wenyewe, kwa sababu macho yake yalikuwa yamekwisha, na alasiri za Evere, mtaa wake pembeni mwa Brussels, wakati wa baridi hazina la kufanya.

Alikuja Brussels akiwa kijana, akafanya kazi ya kutafsiri maofisini, akaoa hapa, akafiwa na mke hapa, akazeekea hapa. Lakini kila mwaka theluji ilipoanguka kwao alichukua likizo, akaenda kupanda milima kwa miguu, skii, zile mbao ndefu za kutelezea, begani, ili ateremkie mahali ambapo hakuna njia iliyotengenezwa, hakuna mashine ya kukupandisha wala mtu wa kukuokota. Kutwa nzima kupanda, dakika chache kushuka. Nilimwambia kwetu tunasema msiba wa kujitakia hauna kilio. Akaniomba nimtafsirie neno kwa neno, akacheka mpaka akakohoa, na tangu siku hiyo tukaelewana. Mimi nilimwita Mzee. Aliulizia maana yake, akasema hilo linamfaa kuliko jina alilopewa na wazazi.

Vitabu vilikuwa vinane, vimevalishwa plastiki ili visilowe. Kila ukurasa una picha ya mlima, na juu ya picha mstari wa nukta nyekundu unaoonyesha pa kupita. Chini yake urefu wa korongo, ukali wa mteremko, na maelezo machache ya mtu asiyependa kupoteza wino. Pembeni kulikuwa na penseli ya mzee mwenyewe: mwezi gani, theluji ilikuwaje, na herufi moja ya jina la rafiki yake, kwa maana karibu makorongo yote walishuka pamoja. Rafiki huyo alikuwa bado hai huko Uskoti. Alipiga simu kila Jumapili saa tano asubuhi, na kila Jumapili walibishana juu ya jiwe moja lililo katikati ya korongo moja. Mzee alisema linapitwa kwa kushoto, rafiki alisema kwa kulia. Miaka arobaini ya ubishi, jiwe lenyewe halina habari.

Mimi ni mtoto wa Upareni. Kwetu ukidondosha boga shambani unalifuata mpaka kwa jirani wa chini. Sijawahi kuvaa skii, lakini maelezo yale niliyaelewa, kwa sababu mtu wa mteremkoni anajua kwamba mguu unafikiri kabla ya kichwa.

Mama alifariki mwezi wa pili. Kaka yangu alinipigia siku ya Jumamosi, nikiwa kwenye tramu ya hamsini na tano kuelekea kazini, akaanza kwa kuniuliza kama nimekula. Kaka yangu hajawahi kuniuliza kama nimekula. Akasema mama alikuwa anaumwa, kama wiki tatu hivi. Alifariki Alhamisi alfajiri, akazikwa alasiri ya siku hiyohiyo, kama dini yetu inavyotaka.

"Tuliona tusikushtue," akasema. "Uko mbali, una kazi za watu. Ungefanya nini?"

Katika wiki tatu zile nilipiga simu nyumbani mara nyingi. Amelala. Yuko kwa jirani. Simu yake haina chaji. Niliyaamini yote, mimi mtu mzima, ninayemjua mama yangu kwamba hakuwahi kulala mchana. Wahenga walisema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Hawakusema kilio kitamfikia nani kwanza.

Sikulia. Nilishuka kwenye kituo changu, nikanunua vitunguu kwa Mturuki, nikaenda kumpikia mzee supu. Nilikufa ganzi, na ganzi yenyewe haikuondoka. Ilikuwa kama mdomo baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua upo, ukiugusa haupo. Watanzania wenzangu sikuwaambia, kwa kuwa wangekuja na masufuria yao, wakajaa kwenye kile chumba changu cha Schaerbeek, wakakaa nami, na ningetakiwa kulia. Kaka alipopiga tena sikupokea. Akatuma ujumbe wa sauti, sikuusikiliza. Nilikuwa na hasira naye, lakini hata hasira ile ilikuwa ya mbali, kama redio ya jirani.

Ndipo nilipoanza kuruka. Karibu kila korongo katika vitabu vile lina onyo lake: ukingo wa theluji hapo juu hukatika, theluji ya upande huu huporomoka baada ya upepo, wawili walifia hapa. Zamani niliyasoma bila kuwaza. Sasa nikifika hapo ulimi unakataa. Nilijiambia ni adabu, maana kwetu mzee aliye kitandani hasomewi vifo. Nikawa natoka "ingia kwa juu" naenda moja kwa moja "mteremko unafunguka," kama mtu anayeruka dimbwi. Mzee alinisikiliza hivyo siku nyingi. Siku moja akainua mkono.

"Umeruka," akasema.

Nikamuuliza nimeruka nini.

"Sentensi. Ukingo ukiwa unaning'inia, rudi ulikotoka. Jana pia uliruka, na juzi."

Nilisahau kwamba mtu huyu anavijua vitabu vyake kwa moyo. Hakuwa ananisikiliza ili ajue. Nikamweleza desturi yetu, kwamba mgonjwa hasomewi habari za kufa, ni kumtunza. Akakasirika, na sikuwahi kumwona akikasirika, hata siku nilipomwangushia miwani. Alisema aliyeandika sentensi ile alipanda mpaka pale, akaona watu waliokufa, akarudi nyumbani akakaa mezani akaandika, ili mwingine ajue kabla hajasimama juu ya ukingo. Yeye mwenyewe mara mbili aligeuka kwa ajili ya sentensi ile, akarudi kwa miguu, akamkuta mkewe mezani.

"Usinichagulie cha kujua," akasema.

Nikamwomba radhi, nikaisoma. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

Jumapili moja mwezi wa nne simu haikulia. Jumatatu mzee aliniuliza kama simu ni mbovu. Jumanne mchana binti yake, anayeishi Antwerp, akanipigia kwenye simu yangu. Rafiki wa baba amefariki, akasema, Jumapili alfajiri, usingizini. Atazikwa Ijumaa. Alikuwa analia. Alimjua yule bwana tangu utotoni. Binti huyo hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Akaniomba nisimwambie baba. Moyo wake ni dhaifu, safari hawezi, angefanya nini? Wikendi angekuja mwenyewe amwambie, mambo yote yakiwa yamekwisha.

Nikasema ndiyo. Kibali changu cha kuishi kilitegemea mkataba ule wa kazi, na mkataba ulikuwa na sahihi ya binti. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi, mama mmoja Mkongo wa Bukavu, alikuwa akivaa koti pale nilipomweleza. Aliniangalia sana.

"Bon, wewe nyamaza," akasema. "Ile ni mambo ya famille. Mutoto yake akikasirika, kazi imekwisha, na karatasi yako pia. Unasikia, maman?"

Nilisikia, na alisema kweli. Nilipoingia sebuleni mzee aliniomba niinue simu nisikilize kama ina mlio. Ilikuwa nao. Akauliza kwa nini basi rafiki yake hakupiga.

"Labda amelala, Mzee," nikasema.

Nililisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, lilelile la nyumbani. Nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki, maji yakitiririka bure. Nikamwona kaka yangu amesimama uani na simu mkononi, akisema amelala, kwa sauti hiyohiyo ya kutuliza. Sikumsamehe, lakini kwa mara ya kwanza nilijua alisimama wapi.

Jumatano mzee alichagua korongo lenye lile jiwe. Nilisoma lote: mahali pa kuingilia, ukingo, mteremko, onyo la kwanza, onyo la pili. Nikasoma na penseli ya pembeni, theluji ngumu, upepo wa magharibi, na ile herufi moja. Kisha nikafunga kitabu.

"Mzee," nikasema, "kuna sentensi nimeiruka tangu jana."

Hakuniuliza ipi. Aligeuza uso kuelekea nilipokaa.

"Ni yeye?"

"Ni yeye. Jumapili alfajiri, usingizini. Anazikwa Ijumaa."

"Leo ni lini?"

"Jumatano."

Akavuta pumzi, akaitoa polepole.

"Basi sijachelewa," akasema.

Akataka simu, nikambonyezea namba, akazungumza na mjane wa rafiki yake kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia nichukue kalamu, akanitajia maneno ya kusomwa mazikoni. Nilitegemea sifa za marehemu. Akanitajia korongo lile kutoka juu mpaka chini, hatua kwa hatua, na alipofika kwenye jiwe akasema, "linapitwa kwa kulia." Akanirudisha hapo mara mbili nihakikishe nimeandika kulia. Halafu akalia, mdomo wazi, makamasi yakimtoka, bila kujificha. Nilimfuta. Nilimwonea wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Binti alikuja siku ya pili, akanisema jikoni kwa sauti ya chini, na kila alichosema kilikuwa cha haki. Mzee akaita kutoka sebuleni kwamba ikiwa mimi nitaondoka, yeye hataoga tena mpaka kufa, kwa hiyo wachague. Binti hakunisemesha wiki mbili. Mkataba haukuguswa.

Ijumaa mjane aliweka simu mbele, kwenye kiti cha kanisa, nasi tukaiweka ya kwetu mezani, tukasikiliza. Mtu mmoja alisoma korongo. Aliposema kulia, watu walicheka kule kanisani, kicheko kifupi, na mzee akatikisa kichwa. Ilipokwisha nilimfunika blanketi miguuni.

"Na wewe ulichelewa," akasema. Hakuwa anauliza.

Sikuwahi kumwambia lolote. Nikamuuliza amejuaje. Akasema tangu nilipoanza kuruka sentensi alijua kuna mtu amekufa kwetu. Nikamweleza kwa maneno kama kumi. Hakunipa pole. Aliniambia nimpigie anayeijua njia, na nikichukue kitabu kile chenye korongo la jiwe, kina kurasa tupu mwishoni.

Nikaenda jikoni na kitabu na penseli, nikampigia kaka. Alipokea kabla haijalia mara ya pili. Alianza kulia na kueleza, nikamkatiza. Nikamwambia sitaki maelezo, nataka njia, kutoka mlangoni mpaka kaburini. Hata kama ningekuwapo siku ile, kwetu wanawake hawaendi makaburini kuzika. Ningebaki ndani na wenzangu, nikisikia miguu ya wanaume ikienda. Kwa hiyo njia ile nisingeijua isipokuwa kwake.

Alidhani nimeharibikiwa akili, lakini akasema. Walitoka kwa mlango wa uani, kwa sababu ule wa mbele una kona. Wakapita nyuma ya jiko, kushoto kwa pipa la maji. Wakashuka kufuata mfereji. Usiku mvua ilinyesha, udongo ulikuwa unateleza, kwa hiyo walibadilishana mabega penye jiwe la kunolea mapanga, na hapo jeneza liliyumba kidogo lakini halikuanguka. Wakavuka shamba la migomba la baba mdogo. Kaburi liko upande wa juu, panapopata jua la asubuhi. Niliandika kila kitu kwa penseli, nikimwambia ngoja, rudia, kushoto au kulia. Akafika mwisho.

"Umeruka," nikamwambia.

"Nimeruka nini?"

"Wiki tatu zile. Mama aliniulizia?"

Nikasikia kuku kule kwetu, na mtu akichota maji.

"Kila siku," akasema.

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia uko njiani." Akasita, kisha akamalizia, kwa sababu alijua nitamwambia ameruka tena. "Kila gari likipanda mlima, alitaka tumwinue akae."

Niliiandika hiyo nayo, chini kabisa ya ukurasa, mahali pa maonyo. Kisha nikaweka penseli chini, nikalia jikoni kwa watu, kwa sauti, mpaka mzee akaja akipapasa ukuta, akavuta kiti akakaa.