Mvua ya Mabati Sebuleni Umoja

Leo baba yangu ameanua nguo zote mchana wa jua kali, na makosa ni ya spika zangu.

Ngojeni niwaeleze.

Nimebadilisha mitambo ya muziki hapa nyumbani, mtaa wa Umoja. Spika mbili mbele, mbili nyuma ya kochi, na ile kubwa ya besi kando ya TV. Asubuhi nilimchezea Baba nyimbo za kwaya. Akasema, "Ni sawa." Tangu Mama afariki na yeye aje kukaa kwangu, hasemi mengi zaidi ya hayo.

Mchana nikaweka filamu. Katikati yake mvua ikaanza kunyesha, ikasikika pande zote za nyumba.

Baba alikuwa chumbani. Nikasikia mlango wa balkoni ukifunguka.

Nilimkuta amekumbatia nguo, akitazama mbingu isiyo na wingu hata moja.

Nilitaka kucheka, lakini uso wake ukanizuia.

"Hiyo ni mvua ya Shauri Moyo, kule tulikokaa na mama yako," akasema. "Ya mabati."

Akaja akaketi karibu na spika za nyuma. "Hebu rudisha kidogo."

Nimerudisha mara nne, jamani.

"Ikinyesha hivyo hatukuwa tunasikizana," akasema. "Hata nikiitisha chumvi, mama yako alikuwa anakuja kunijibu sikioni."

Kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mazishi.

Filamu sijui iliishaje.

Mliokulia chini ya mabati, mwandikieni mnachokumbuka. Ameketi hapa, nitamsomea.